Kijani Kile Nilikipaka Mimi

Swali lilikuwa moja: je, kata ndogo hii inafikiwa na intaneti ya kasi? Ndiyo au la. Nilibonyeza ndiyo nikiwa bado nimekalia bodaboda, injini inanguruma, kando ya kambi ya chifu juu kabisa ya ukingo wa Bonde la Kerio. Mnara wa simu nauona kwa macho. Baa nne. Ilikuwa 2018, saa tisa alasiri, mvua inajikusanya, nami nilitaka kufika Eldoret kabla haijanyesha.

Mwenye boda akaniuliza, "Bosi, hatushuki?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kata ndogo ile haiishii kwa chifu. Inateremka na ukuta wa bonde, ukuta ambao kutoka juu hadi chini unapita mita 1,000, na nyumba nyingi ziko huko kwenye mteremko. Nikamwambia tumemaliza.

Ofisi ya umma iliyonipa kibarua cha kupima mtandao sina la kuilaumu. Maagizo yalikuwa wazi: pima sehemu tatu, mojawapo iwe ndani ya nyumba iliyo mbali na barabara. Kwa kuwa kishikwambi kilinasa mahali nilipo kwa GPS, nilitembea hatua kama mia mbili kulia, nikapima. Nikarudi, nikaenda mia mbili kushoto, nikapima tena. Sehemu tatu, zote zikiutazama mnara. Ile nyumba niliiandika "ya udongo, paa la mabati". Sikuingia nyumba yoyote.

Usiku ule nililala vizuri, na hata utetezi nilikuwa nao. Utafiti wa Mamlaka ya Mawasiliano wa 2016 ulionyesha kwamba 3G iliwafikia asilimia 78 ya Wakenya huku ikifunika asilimia 17 tu ya ardhi. Basi nikajiambia: watu wako juu, huko chini ni mawe na mbuzi.

Kufikia 2022 nilikuwa nimeacha vibarua hivyo, nina kibanda cha kutengeneza simu mjini. Nje ya kibanda aliketi mama mmoja muuza maembe ya Kerio. Siku moja akaniletea simu ya binti yake, eti nyumbani haishiki mtandao. Nikaifungua, nikaikagua, nzima. Nikamuuliza kwao ni wapi. Akaitaja ile kata ndogo.

Nikafungua ramani ya mtandao iliyotokana na kibarua kile, kwa kiburi cha fundi. "Mama, kwenu ni kijani kote. Labda bando limeisha."

Akainama, akatazama. "Hiyo kijani ni ya majani, kijana wangu."

Jumapili tulishuka pamoja. Hatukuwa tumemaliza kona ya tatu baa zikaanza kupungua, na sebuleni kwake zikaisha kabisa. Mawimbi ya simu husafiri karibu kama mwanga wa tochi, hayapindi mwamba kirahisi. Mtu wa ng'ambo, kwenye Milima ya Tugen, anaweza kuupata mnara ule vizuri kuliko aliye chini yake kabisa. Juu ya shamba lao kuna jiwe wanaloliita Posta. Ukitaka kutuma au kupokea kitu unapanda pale, unanyoosha mkono. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne, na maombi ya nafasi za chuo hufanywa mtandaoni tu. Posta ilimshinda, ujumbe ulipita, fomu haikufunguka. Alipanda hadi mji wa Iten mara tatu.

(Wakati mmoja mtandao uliwahi kuwatazama kutoka juu. Mwaka 2020 baluni za intaneti za mradi wa Loon zilielea kilomita kama 20 angani, zikihudumia maeneo ya Iten na Baringo, na kwa aliye huko juu ukuta wa bonde hauzuii kitu. Mapema 2021 mradi ukafungwa.)

Kilichonitesa zaidi ni foleni. Kampuni zenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao kwenye Hazina ya Huduma kwa Wote, ili minara ijengwe pasipo na faida, na ule utafiti wa 2016 ulihesabu kata ndogo 164 zisizo na huduma. Mimi niliijazia ramani nyingine, ila mantiki ni ile ile: ukishaandikwa "ndiyo", unaondolewa kwenye foleni ya minara. Marekani nao kwa miaka walihesabu mtaa mzima kuwa umehudumiwa hata kama ni nyumba moja tu iliyoweza kuunganishwa, mpaka walipotoa ramani mpya mwaka 2022, ambayo mwenye nyumba anaweza kuipinga. Wao walikuwa na kanuni mbovu. Mimi nilikuwa na kanuni nzuri, nikaogopa mvua.

Niliiandikia ile ofisi, nikaeleza yote. Nikajibiwa kwamba zoezi lile lilishafungwa.

Kumwambia Mama kulinichukua msimu mzima wa maembe. Alinisikiliza huku akipanga mafungu yake.

"Ulilipwa ngapi?"

"Elfu mbili kwa siku."

Akahesabu kwa vidole. "Nauli ya msichana peke yake ni elfu moja mia mbili. Bado mwalimu. Bado watu wa zahanati."

Siku zote nikinunua maembe manne alikuwa akiniongezea la tano. Siku hiyo alinihesabia manne, akafunga mfuko, akapokea pesa yake.