Jini wa Chupani

Katika baa moja iliyo ghorofani, River Road, mzee hunusa kabla ya kunywa. Mpwawe humwekea glasi mbili, ya vodka na ya jini, naye huzitenga kwa pua. Macho yake yalizimika Novemba 2000, siku zile kumikumi, pombe ya shilingi 10 kwa glasi, ilipotiwa methanoli ikaua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi na kuwapofusha wengine.

Vodka haitaki. Wenzake huipenda kwa kuwa haina harufu kubwa. Mtu hurudi kwa mkewe akidhani hajulikani. Kwa mzee, huko kujificha ndiko kunakoitia dosari. Jini, asema, hubisha hodi: harufu ya tunda la mti uitwao juniper humfikia mtu kabla ya glasi. Hata Uganda Waragi, aliyoizoea enzi za utingo katika malori ya Kampala, huitambua papo hapo.

Mpwa, mwanafunzi wa fasihi, hufurahia kwamba jini wa chupani na jini wa ngano huandikwa sawasawa. Lakini hajathubutu kumwambia kuwa harufu nayo huigizwa. Methanoli yaweza kutiwa katika chupa yoyote, na ikishaingia mwilini hugeuka asidi inayoharibu neva za macho, iwe imenukia au haikunukia.

Jioni moja alimsimulia riwaya ya Meja Mwangi, Going Down River Road, ya 1976.

“Na hao walikunywa nini?” mzee aliuliza.

“Chang’aa, mjomba.”

Mzee alinyamaza, akainusa glasi yake mara ya pili, kisha akanywa.