Mwanza: Dada Agoma Kukata Kingo za Blanketi la Mama, Sendofu Ikiwa Jumamosi

Harusi nyingi za mjini ugomvi unaanzia kwenye kamati au ukumbi. Hii ya Mabatini, ugomvi ulianzia kwenye kingo za blanketi.

Iko hivi. Bibi harusi ni mtoto wa mwisho wa mama mmoja fundi cherehani, ambaye miaka yote alikuwa hatupi mabaki ya vitenge vya wateja. Alikuwa anakata vipande vya pembe sita, kila upande sentimita 5, anaviunga kwa mkono mpaka vinakaa kama sega la nyuki. Vikafika karibu 600, vinatosha kitanda cha tano kwa sita na kushuka pembeni. Likabaki pindo tu. Hapo ndipo macho yakakataa. Mtoto wa jicho, anasubiri upasuaji.

Sasa sega halina ukingo ulionyooka. Kila kipande cha pembeni kinachomoza, kinachofuata kinaingia ndani, meno matupu kama msumeno. Dada mkubwa akapeleka kwa fundi kijana wa mtaani. Jamaa akalitandaza, akacheka. "Sista, hapa tunanyoosha tu. Nakata meno yote, napiga paipini, dakika 20, elfu tano."

Akachora chaki. Mstari ukapita katikati ya safu ya nje, ile ambayo mama aliishona mwisho, macho yakiwa yanazima. Mishono imepinda, mingine imerukana. Dada akaangalia ile chaki, akakunja blanketi lake, akarudi nalo nyumbani.

Mdogo mtu akawaka. "Dada, anza kukata! Watu wa Sengerema wakiliona hivyo wataliposti, watamcheka mama." Na kiukweli alikuwa na pointi. Hakuona aibu kwa ajili yake. Alitaka kumficha mama yake.

Mama alikuwa chumba cha pili, anasikia kila kitu. Akaomba blanketi. Akapitisha vidole ukingo mzima, taratibu, jino baada ya jino, mpaka akafika upande uliopinda. "Hapa nilikuwa sioni tena," akasema. "Nilijua. Mkikata hapa, wanangu, mnakata mwaka mzima."

Kimya.

Mtu yeyote aliyekua na mama mwenye kanga anajua pindo lina uzito gani. Kanga ina mji, ina jina, na pindo ndilo linalozunguka vyote hivyo. Na kuna watu wanaoanza kazi na ukingo kabisa. Kule Karnataka, India, wapo Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika ambao wengi wa mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi, wakianzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati. Mwishoni kila kona inawekwa vipande vilivyokunjwa, phula, yaani maua. Bila hayo maua, blanketi linahesabiwa liko uchi.

Basi kazi ikaanza usiku uleule, mama anaelekeza kwa mdomo na vidole. Utepe ukatwe mshazari, maana ukikatwa mnyoofu haukubali kupinda, unajikunja kwenye kila kona. Kwenye jino linalotoka, kunja upande mmoja kwanza, halafu wa pili juu yake, kama bahasha. Kwenye kona inayoingia, chana kitambaa kwa ncha ya mkasi na usimame uzi mmoja kabla ya mshono. Usipochana, kona inavutana. Ukizidisha, umetoboa.

Kona zenyewe karibu 200. Utepe karibu mita 10, wakati kwa ukingo mnyoofu zisingefika 8. Si mchezo. Jumatano dada alichana vibaya kona mbili, ikabidi mama amfundishe kuziba. Alhamisi usiku, bibi harusi, na kucha zake zimeshapakwa rangi, alikuja mwenyewe akakaa kwenye mkeka, akaomba sindano. Akauliza upande uliopinda uko wapi. Akaanzia hapo.

Ijumaa saa nane usiku zilikuwa zimebaki kona 30 hivi. Mama akasema lalani.

Jumamosi blanketi lilikabidhiwa upande mmoja ukiwa bado na pini, bibi harusi akalishika mwenyewe ili lisimchome mama mkwe. Wapo waliouliza mbona halijaisha. Aliwajibu kwamba mama atapona macho, atavuka Daraja la Kigongo–Busisi, aje amalizie mwenyewe.

Mtu wangu, ingekuwa wewe, ungekata au ungeacha meno?