Rizo imekata tena

Nyumbani kwetu Lubumbashi neno rizo hubeba mambo matatu: laini ya intaneti inayoingia, mawimbi yanayotoka kwenye ruta hadi simu, na ruta yenyewe. Kwa hiyo kila jioni mdogo wangu alipolalamika, « Yaya, rizo imekata tena », sikujua ni ipi iliyokata.

Nilikuwa na dakika 40 za nyanya yangu akisimulia kwa Kiluba, faili la MB 212 la kumtumia mwalimu. Nyanya hayupo tena, na nakala ilikuwa moja tu, ndani ya kompyuta iliyochoka. Mara tatu faili lilifika katikati, likakwama.

Nilizima na kuwasha, dawa ya kila mtu. Kisha nikakumbuka jozi mlinganuo finyu: pata na bata, badiliko ni sauti moja tu. Nami nibadilishe kitu kimoja kimoja. Niliunganisha kompyuta kwa waya, ikakata vilevile. Basi si mawimbi, na kuhangaika na chaneli 1, 6 au 11 kungekuwa bure. Nikakaa kuitazama ruta (kazi inayochosha kuliko fonolojia). Saa moja usiku taa zote zikazimika, hata ya umeme, zikawaka upya. Ruta ilikuwa ikijizima! Nikagusa chaja yake: moto.

Nikaazima nyingine kwa jirani, volti 12 kama ile, ampea zisizopungua. Faili likafika usiku huohuo.

Asubuhi mwalimu aliuliza ni nani anayekohoa kwenye dakika ya 12. Ni mimi.