Baraza Lenye Sitara: Somo la Garissa kwa Nyumba Zetu

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Garissa kwa njia ya Malindi, Garsen na Hola huujua mto Tana kabla ya kuujua mji. Minazi hubaki nyuma, mikoma hushika nafasi yake, na kwa saa nyingi basi huandamana na mto ambao hauonekani ila kwa ukanda wa miti ya kijani upande wa kulia. Akifika Madogo huvuka daraja, na ng'ambo, katika ukingo wa mashariki, ndipo ilipo Garissa.

Kinachompokea kwanza ni jua. Mji huu uko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta, na katika miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35. Cha pili ni malango. Katika bulla, kama wenyeji waviitavyo vitongoji vyao, nyumba nyingi zimezungushiwa ukuta au uzio wa mabati, na lango hufungwa mchana kutwa. Nyuma ya lango hilo mna ukarimu ambao mgeni hausahau: chai ya maziwa yenye hiliki na mdalasini, maziwa ya ngamia, nyirinyiri iliyohifadhiwa ndani ya samli, na harufu ya ubani chumbani. Lakini ukarimu huo huanza baada ya lango kufunguliwa. Kabla yake kuna dakika za kubisha, za kungoja mtoto atumwe kuchungulia, na za mama wa nyumba kutafuta mtandio wake. Dakika hizo mgeni huzipitisha amesimama juani, uso wake umeelekea chuma.

Makala haya yanahusu dakika hizo. Nyumba ya Kiislamu hutakiwa mambo mawili kwa pamoja: imkirimu mgeni, na iwasitiri walio ndani. Wengi wetu tumedhani kwamba moja hupunguza jingine, tukaamua kuzidisha ukuta. Garissa, pamoja na jirani zake Wajir na Mandera, inatufundisha kwamba kinachokosekana si ukuta mrefu zaidi wala mfupi zaidi. Kinachokosekana ni mahali pa katikati: baraza.

Si desturi ya watu wa huku kumweka mgeni juani. Nyumba ya asili ya mfugaji wa Kisomali, iitwayo aqal, ni kazi ya mikono ya wanawake. Wao ndio wanaosuka mikeka, wanaopinda fito, wanaoisimamisha nyumba na kuibomoa siku ya kuhama, kisha ikapakiwa juu ya ngamia. Mlango wake ni mfupi, na ndani ni mahali pa mama, watoto na vyombo. Mgeni asiye wa jamaa hakuongozwa humo moja kwa moja. Alipokewa chini ya mti, akatandikiwa mkeka, akaambiwa "soo dhawow", yaani karibu, na akaletewa maziwa kabla ya kuulizwa habari. Chini ya mti wa namna hiyo ndipo wazee walipokaa kuamua mashauri na kusuluhisha magomvi. Mti ulikuwa baraza la watu wasio na ukuta.

Familia zilipohamia mjini, aqal iligeuka nyumba ya matofali na mabati, na uzio wa miiba ukageuka ukuta. Mti ndio haukupata mrithi.

Kuta hizo nazo zina sababu zake, na haifai kuzisema bila kuzitaja. Baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, eneo la Kaskazini Mashariki liliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991. Mwezi wa Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto katika operesheni ya vyombo vya usalama. Tarehe 2 Aprili 2015, shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa liliwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Nani atamlaumu mama aliyelea watoto katikati ya kumbukumbu hizo kwa kutaka lango zito? Hata hivyo, hofu ikiachiwa peke yake ndiyo ichore ramani ya nyumba, hatimaye jirani hamjui jirani, na mtaa usiojuana ndio mtaa ulio rahisi zaidi kuingiwa na shari. Anayeketi barazani huwajua wapitao. Hilo nalo ni ulinzi.

Sisi wa pwani tuna jawabu la zamani la jambo hili, ingawa wengi tumelipuuza katika nyumba zetu mpya. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mlango haukukaa wazi kwenye njia. Mbele yake palikuwa na daka, kibanda kidogo chenye kivuli, na mabaraza ya mawe kushoto na kulia. Mgeni wa dakika tano alimaliza haja yake hapo. Aliyeingia alipita tekani, ukumbi mdogo wa ndani uliopinda, hivyo kwamba hata mlango ukiwa wazi apitaye njiani haoni kitu ila ukuta. Mgeni wa kulala alikuwa na sabule, chumba chake mbali na vyumba vya familia. Hapa ukarimu na sitara vilijengwa kwa chokaa moja.

Wajenzi hao hawakubuni tu, walikuwa wakitii. Qurani, katika Surat an-Nur, imetukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba idhini huombwa mara tatu, na asiyejibiwa hurudi. Nasi Waswahili tukaifanya kuwa hodi tatu. Imepokewa pia kwamba alipofika mlangoni kwa watu hakusimama kuuelekea mlango, bali alisimama upande wa kulia au wa kushoto. Tafakari adabu hiyo kwa jicho la mjenzi. Ukiweka kiti cha kungojea ubavuni mwa mlango badala ya mbele yake, umeijenga Sunna katika ukuta: hata mgeni asiyeijua adabu, nyumba yenyewe itamfundisha.

Basi tuijenge. Anza langoni. Fundi akijenga ukuta mpya, mwambie alirudishe lango ndani ya kiwanja chako kama mita moja na nusu, asichukue hata shubiri ya njia, kwani njia ni haki ya watu. Pale lango liliporudi patapatikana kidaka: kijengewe baraza kila upande, kimo sentimita 45 na upana kadiri hiyo, na juu yake paa dogo. Aliye na ukuta tayari na hana uwezo wa kuuvunja, benchi moja la mbao lililowekwa ndani ya mpaka wake na kipande cha kivuli vyatosha.

Baraza kubwa, lile la mbele ya nyumba, lipangwe kwa kufuata jua. Katika miji iliyo karibu na ikweta jua la saa sita liko utosini, na paa lolote hulizuia. Adui ni jua la alasiri, ambalo huingia chini ya paa kutoka magharibi. Kwa hiyo baraza la upande wa mashariki ndilo bora kwa nyumba ya Garissa: nyumba yenyewe hulikinga tangu adhuhuri, na baada ya Alasiri, watu wanapotoka kupunga upepo, sakafu imekwisha kupoa. Upande huo pia hupata sehemu yake ya kaskazi na ya kusi, kila moja kwa msimu wake.

Kuna neema nyingine ambayo wengi hawaijui. Garissa na Makka zinakaribia kuwa katika mstari mmoja wa longitudo, na Mombasa vilevile, kwa hiyo kibla chetu ni karibu kaskazini kamili. Baraza refu la upande wa mashariki hunyooka kuelekea kaskazini lenyewe. Likiwa na upana wa mita mbili na nusu, wageni wanaokutwa na Magharibi wanaweza kupanga safu za watu watatu watatu bila kuhamisha kitu ila viatu. Wekea viatu rafu yake karibu na ngazi, na mtungi wa maji wenye kifuniko kando yake. Katika mji ambao maji ya nyumba nyingi huja kwa mkokoteni wa punda, kikombe cha maji kilichowekwa kwa ajili ya mpita njia ni sadaka iliyo wazi.

Sakafu na iinuliwe. Wanaokaa karibu na Tana wanajua kwa nini: mafuriko ya Novemba 2023 yaliingia majumbani na kuikata barabara kati ya Garissa na Madogo, na mvua za mwaka uliofuata zikaleta maafa tena. Kimo cha nusu mita hakitazuia mto uliofurika, lakini kitayazuia maji ya mvua ya kawaida na vumbi la kiangazi. Ngazi ziwe fupi, na ubavuni pawe na mteremko kwa ajili ya bibi na babu. Saruji isisuguliwe ikang'aa, kwa maana mguu uliotoka kutawadha huteleza.

Bati tupu hugeuza baraza kuwa tanuri. Likipigiwa dari ya mikeka ya majani ya mkoma, na kuachwa nafasi ya shubiri moja ili hewa ipite kati, joto hupungua sana. Mikeka hiyo husukwa na akina mama wa huku huku, hivyo fedha ya dari yako hubaki katika mikono inayoistahiki. Mbele, panda mwarobaini, mti uliokwisha kuizoea ardhi ya Garissa, hatua kadhaa mbali na msingi. Mathenge usiukaribishe hata ukijiotea wenyewe: miba yake haina adabu na kuung'oa ni kazi ya miaka.

Limebaki jambo ambalo wachoraji wa nyumba hulisahau. Baraza la nje, huku na kwetu pwani, aghalabu huishia kuwa la wanaume. Mama wa nyumba hupika kwa ajili ya baraza ambalo hakai. Wanawake wa Garissa hawana uhaba wa mambo ya kukutania: wapo wanaouza Suq Mugdi tangu asubuhi, wapo wenye chama cha kuchangiana fedha, kile Wasomali wakiitacho ayuuto, wapo wenye darsa, wapo wanaompaka bi harusi hina. Wote hao hubanana chumba cha kulala kwa kuwa nyumba haikuwapa mahali. Ukiwa na mita kumi za kujenga, zigawe. Upande wa ndani, unaotazama ua, lijengwe baraza la pili, lenye mlango wake kutoka njiani ili mgeni wa kike asilazimike kupita mbele ya wanaume. Ukuta unaoligawa baraza hilo na lile la mbele uwe wa matofali ya matundu: upepo utapita, sauti ya mtoto itapita, macho hayatapita. Sitara ya namna hiyo haimfungii mwanamke. Humpa hewa.

Na baraza likishajengwa, lina sharti lake. Maswahaba walipokatazwa kukaa njiani na wakaeleza kwamba hawana budi, Mtume aliwaamuru waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Wazazi na wawafundishe vijana haki hizo kabla ya kuwakabidhi benchi. Baraza la kusengenyea wapitao, au la kukodolea binti za watu macho, heri lisingejengwa.

Wahenga wamesema nyumba njema si mlango, nao wamesema kweli, kwani wema umo ndani. Lakini mzee aliyetoka kijijini kwa miguu, mke mwenza wa jirani aliyekuja kuazima chumvi, mtoto yatima aliyetumwa na mama yake, hawa wote huonja wema wetu kwanza pale nje, kabla hatujafungua. Kabla ya mfungo ujao, toka wewe mwenyewe ukasimame mbele ya lango lako saa nane mchana, kwa muda ule ule unaowangojesha wageni wako. Kisha mwite fundi.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa kivuli kwa wapitao na sitara kwa walio ndani. Amin.