Maji Chini ya Mchanga

Mto Tiva hukauka, lakini haufi. Sisi tuliokulia Kitui twajua: ukichimba mchangani, ukatulia, maji huja polepole, ya baridi, kana kwamba muda wote yalikuwa yakikusikiliza.

Mwaka 1984 mvua zilikataa. Wakamba huipa njaa jina kama mtu apewavyo jina, na ile ya miaka hiyo waliiita Nikw'a Ngwete: nakufa na fedha mkononi. Sisi hata fedha hatukuwa nazo. Baba alikuwa Mombasa. Barua zake zikapungua, kisha zikakoma. Mama akaenda kumtafuta. Tukabaki na Susu, nyanya yetu.

Dada yangu alikuwa na miaka tisa. Alfajiri aliwahi kisimani kabla ya ng'ombe wa watu, akajaza kibuyu changu kwanza. Hakulia. Majirani wakamsifu: mtoto huyu ana moyo wa mtu mzima. Mimi, niliyelia kila jioni, nikaonewa haya.

Sasa dada amepita hamsini. Ameolewa Makueni, na adhuhuri hukaa mlangoni, nyuzi za mkonge magotini, kiondo kimeishia kitakoni. Ukimwuliza, husema, "Ni mawazo tu." Vitabu huyaita sonona. Neno hilo sijawahi kulisikia kijijini kwetu.

Nimesoma kwamba huko San Diego, Marekani, madaktari Felitti na Anda waliwauliza maelfu ya watu wazima juu ya utoto wao. Matokeo yalitoka mwaka 1998: kadiri aina za mateso ya utotoni zilivyoongezeka, ndivyo sonona ilivyozidi kuwapata ukubwani. Nilisoma nikihesabu kwa vidole: njaa, baba, mama. Lakini vidole vyangu ni sawa na vya dada. Tulikunywa maji ya shimo moja. Mbona mimi nalala usiku?

Hulka, wengine husema. Wapo wanaozaliwa na ngozi nyembamba ya moyo, na wapo wanaofungia huzuni ndani kama nafaka ghalani. Labda. Ila ukimya wa dada, je, alizaliwa nao, au ulimwingia pale kisimani, akiwa na miaka tisa, tukaupigia makofi? Nani alimjua kabla ya njaa, atuambie alikuwa nani? Susu alijua. Susu tulimzika zamani.

Namkumbuka dada mara moja tu akiwaimbia mbuzi, sauti ya juu, bila haya. Au ni ndoto yangu? Kuna msiba usio na kaburi: wa mtoto aliyeondoka, mwili wake ukaendelea kukua.

Huko Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake wamewafunza wahudumu wa afya, waganga wa kienyeji na waponyaji wa kidini kuitambua sonona. Nafurahi. Mhudumu mmoja alifika kwa dada, akauliza juu ya usingizi, hamu ya chakula, katika wiki mbili zilizopita. Aliuliza kwa upole. Wiki mbili! Mwaka 1984 nani alimwuliza lolote?

Jioni ile nilikaa na dada mlangoni hadi giza likashika vilima.

"Ulikuwa unalia sana wewe," akasema.

Nikamwomba radhi, sijui kwa nini.

"Hapana," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja ulale."