Dawa Nyeupe ya Tumbo

Katika nyumba nyingi za Nateete, ukitazama juu ya kabati au nyuma ya redio, utaona chupa ya dawa nyeupe, nzito kama maziwa yaliyoanza kuganda, yenye harufu ya peremende. Hiyo ndiyo dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Wengine huiita dawa ya kiungulia, na wengine dawa ya alusa, maana ndivyo Waganda walivyoligeuza jina la Kizungu la vidonda vya tumbo. Huuzwa katika maduka ya dawa kuanzia penye taksi za Masaka hata kule chini karibu na karakana ya reli ya Nalukolongo, wala huulizwi cheti cha daktari. Kwa kuwa yapatikana kwa urahisi na ladha yake si mbaya, watu huinywa kama soda. Nami nataka kueleza jinsi inavyopasa kunywewa, kwa sababu niliyoyaona nyumbani kwa shangazi yangu katika likizo mbili yalinitia hofu.

Kwanza yafaa tujue kuwa asidi si adui. Tumbo huifanya lenyewe, nayo ni asidi ileile ya haidrokloriki tuliyo nayo katika chupa za maabara. Kazi yake ni kusaidia kuvunja nyama na maharage, na kuua vijidudu vingi tunavyovimeza pamoja na chakula. Kuta za tumbo zimefunikwa kwa ute unaozilinda, ndiyo maana tumbo halijili lenyewe. Taabu huja asidi inapopanda kwenye umio, mahali pasipo ute wa kutosha, au ute wa tumbo lenyewe unapoharibika. Hapo ndipo mtu huungua kifuani usiku, akakaa kitandani akimeza mate.

Sisi wa darasa la sita tuliiona kazi ya dawa hiyo kwa macho. Tulitia asidi hafifu katika gilasi, tukaongeza matone ya rangi ya kupimia, maji yakawa mekundu. Kisha tukadondosha dawa nyeupe kidogo kidogo huku tukikoroga, hata wekundu ukatoweka yakabaki ya manjano. Haidroksidi ya magnesi ikikutana na asidi hutoka chumvi na maji, basi. Kama dawa ni ya namna ya kaboneti, hutoka na hewa pia, ndiyo sababu baadhi ya wanaokunywa hubeua kwa sauti mbele za wageni.

Dawa yenyewe si ya jana. James Murray, daktari wa Ireland, alitengeneza magnesia ya maji mwaka 1829, akamtibu nayo mwakilishi wa mfalme wa Uingereza huko aliyekuwa akisumbuliwa na tumbo. Mwaka 1873 Charles Henry Phillips, mfanyaji dawa aliyehamia Marekani, akapata haki ya kuiuza ile nzito iitwayo maziwa ya magnesia. Lakini magnesi ina tabia yake: huendesha tumbo. Alumini nayo hufunga choo. Basi watengenezaji wakaona heri wazichanganye hizo mbili katika chupa moja, moja ivute huku na nyingine kule, na mnywaji apate nafuu katikati. Akili hiyo mimi naisifu sana. Illa haifanyi kazi yake vema kama mtu hakutikisa chupa.

Na hapa namfikia shangazi yangu. Yeye huuza nyanya na vitunguu katika soko la Nateete, huamka usiku wa manane kwenda kupokea mizigo, na mara nyingi chakula chake cha kwanza ni chapati iliyoviringishiwa mayai, ile tunayoiita rolex, na chai nzito ya rangi. Ana kiungulia tangu zamani. Nilipofika likizo ya mwezi wa tano nilimkuta na chupa yake chini ya meza ya nyanya. Alikuwa akifungua kifuniko, anaweka mdomo, anavuta mafunda mawili, anafunga, anaendelea kuuza. Sikumwona akiitikisa hata siku moja.

Dawa hii si maji yaliyoyeyusha kitu kama chai iliyoyeyusha sukari. Ni unga mwembamba unaoelea majini, na chupa ikikaa kimya unga hushuka chini. Kwa hiyo wiki ya kwanza shangazi alikuwa akinywa maji ya juu yaliyo hafifu, akilalamika kuwa dawa za siku hizi hazina nguvu. Hata alipofika chini akanywa uji mtupu, tumbo likamharisha siku nzima, akasema chupa ile imechacha. Nilimwonyesha mwangani ule mstari kati ya maji na unga. Akatazama, akacheka, akasema, "Mwanangu, miaka yote hii nimekuwa nikilipa fedha kwa maji?"

Jambo la pili ni kipimo. Karatasi ya chupa ile iliagiza mililita 10 kila mara. Nilinunua bomba la sindano lisilo na sindano yake, nikapima vijiko vya jikoni kwa maji. Kijiko kimoja cha chai kilishika mililita 3, kingine 4 na nusu, na kile cha mchuzi, ambacho mke wa jirani hukitumia, kilishika 12. Vyote vyaitwa vijiko! Anayeambiwa anywe vijiko viwili aweza kunywa mililita 6 au 24, na asijue. Kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja juu ya chupa kina mistari yake. Kisitupwe, wala watoto wasikichukue kuchezea. Na mdomo usiwekwe kwenye chupa, kwa ajili ya usafi, na kwa sababu funda halina mistari.

Saa ya kunywa nayo ni jambo ambalo wengi hawalijui. Ukinywa tumbo likiwa tupu, dawa huteremka upesi, na nafuu yake yaweza kwisha kwa nusu saa au zaidi kidogo. Ukinywa kama saa moja baada ya kula, chakula huizuia tumboni pamoja nacho, nayo hufanya kazi kwa saa mbili tatu. Ndiyo maana karatasi nyingi husema baada ya chakula na wakati wa kulala. Shangazi alikuwa akinywa alfajiri kabla ya kitu chochote, kisha anashangaa kiungulia kimerudi kabla hajauza fungu la kwanza.

Hayo tuliyatengeneza, nikarudi shuleni nikiwa na moyo mweupe. Lakini lilikuwapo jambo jingine ambalo shangazi hakunitajia, kwa kuwa hakuona kuwa linahusu tumbo. Goti lake la kushoto lilikuwa likimwuma, na katika duka moja la dawa, ambalo sina haja ya kulitaja, aliuziwa vidonge vya diklofenaki bila kuulizwa lolote. Alikuwa akimeza kila siku kwa miezi kadhaa, mara nyingi bila chakula. Vidonge vya namna hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, hupunguza maumivu kwa kuzuia kitu fulani mwilini, na kitu hichohicho ndicho kinachosaidia kuutunza ule ute wa tumbo. Ute ukipungua, asidi hukuta ukuta mtupu. Tumbo lilipoanza kumchoma zaidi, shangazi aliongeza dawa nyeupe. Nayo ilimpoza, naam, ilimpoza vizuri kabisa, hata asijue kuwa chini ya poza hiyo kidonda kinachimba.

Mwezi wa nane binti yake alinipokea penye taksi akiwa na uso uliobadilika. Shangazi alikuwa ameanguka sokoni asubuhi ile. Alikuwa na kizunguzungu siku tatu, anatokwa na jasho la baridi, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami, chenye kunata na harufu mbaya. Yeye alidhani ni mboga alizokula. Kumbe hiyo ni damu iliyopikwa na asidi njiani. Tulimkuta hospitalini amelala, viganja vyake vimekuwa vyeupe kama karatasi hii. Walimtia chupa mbili za damu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikihesabu matone, na sina aibu kusema kwamba niliogopa sana. Baba yangu hana dada mwingine, na karo yangu ya shule hutoka katika zile nyanya.

Kesho yake daktari alimpitisha mpira mwembamba wenye kamera kinywani mpaka tumboni, akakiona kidonda. Alitueleza kwa upole, bila kumgombeza mtu. Dawa nyeupe, alisema, huitengua asidi iliyopo sasa hivi tu, haiponyi kidonda kama hiki. Kwa kidonda alimpa omeprazoli, ambayo huzuia tumbo lisifanye asidi nyingi tangu mwanzo, na vidonge vya goti akavikataza. Alisema pia kuwa vidonda vingi huletwa na kijidudu kiitwacho helikobakta pailori. Zamani waganga wengi walidhani ni wasiwasi na pilipili tu, hata Robin Warren na Barry Marshall, madaktari wa Australia, walipokitambua kijidudu hicho mwaka 1982. Kwa kuwa wengi hawakusadiki, mwaka 1984 Marshall alikinywa mwenyewe, tumbo lake likaingia ugonjwa baada ya siku chache. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Mwenye kijidudu hicho hupona kwa dawa za kuua vijidudu pamoja na ya kuzuia asidi, si kwa kunywa chupa nyeupe mwaka hadi mwaka. Shangazi alipimwa, hakikuonekana. Mkosaji alikuwa kidonge cha goti.

Basi mtu ajue kikomo cha dawa hii. Ikiwa kiungulia hakikomi kwa wiki mbili, aende kwa daktari. Akitapika damu au kitu mfano wa kahawa iliyosagwa, akitoa choo cheusi, akikonda bila sababu, au chakula kikikwama akimeza, asingoje hata siku moja. Na maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au tayani, pamoja na jasho na pumzi fupi, yaweza kuwa ya moyo. Hayo si ya kuyapooza kwa kikombe cha plastiki. Mwenye ugonjwa wa figo naye asiiguse bila kuulizia, kwa kuwa figo mbovu haziwezi kuitoa magnesi na alumini mwilini. Mwenye shindikizo la damu asome karatasi, maana baadhi ya chupa zina sodiamu nyingi. Mama mja mzito aulize kwanza, na mtoto mdogo asipewe kwa kukisia.

Shangazi alipotoka alipewa na vidonge vya madini ya chuma ili kurudisha damu. Hapo palizuka fumbo jipya, kwa sababu dawa nyeupe na vidonge vya chuma havipatani. Zikikutana tumboni, chuma huingia mwilini kidogo tu. Tulimpangia zipishane kwa saa mbili au zaidi, binti yake akaandika saa hizo kwa Kiganda ukutani. Tena chuma chenyewe hutia choo rangi nyeusi, naye nusura akimbie hospitali tena. Tulieleweshwa kwamba weusi wa chuma haunati kama lami wala hauna ile harufu, na kwamba akiwa na shaka ni heri aende kuliko kukaa.

Si chuma peke yake. Doksisaiklini na siprofloksasini hushikamana na magnesi na alumini zikapotea nguvu. Na kwa nchi yetu kubwa zaidi ni hili: dawa ya virusi vya Ukimwi iliyo na dolutegraviri, ambayo watu wengi humeza kila siku, sharti inywewe saa mbili kabla ya dawa nyeupe au saa sita baada yake. Mtu aweza kuwa mwaminifu kwa vidonge vyake, hakosi hata siku moja, na chupa iliyo nyuma ya redio ikamwibia faida yake. Afadhali amtajie mwuza dawa kila kitu anachomeza, hata kama anaona kuwa hakihusu tumbo.

Hapa shuleni pia tunayo mambo yetu. Wakati wa mitihani wenzangu hukesha wakinywa kahawa, wanalala mara baada ya kula posho na maharage, na chupa moja huzunguka bwenini toka kitanda hadi kitanda kama kibuyu cha pombe. Muuguzi wa zahanati yetu aliposikia alikuja na vikombe vidogo vyenye mistari, akatuomba tule mapema na tuinue upande wa kichwa cha kitanda kwa matofali mawili. Wawili walicheka. Mmoja wao sasa analalia matofali na haazimi chupa tena.

Shangazi amerudi sokoni. Omeprazoli aliimaliza kama alivyoagizwa, na chupa yake nyeupe iko bado chini ya meza, ila sasa ina kikombe juu yake na huinunua mara chache. Goti ndilo halijapona. Humwuma hasa anapopanda kilima cha Rubaga siku ya Jumapili, naye hunywa parasetamoli, hulikanda kwa maji ya moto jioni, na kila mwuza dawa anayemwonyesha kidonge chenye nguvu zaidi humwuliza kwanza kitalifanya nini tumbo lake.