Tukate ao Tuache? Muguu wa Paka Wetu

Mupenzi musomaji, ukisoma kichwa cha habari hii labda utacheka. Watu wanakufa na malaria, watoto wanafukuzwa masomo juu ya feza, na pasteri anaandika juu ya muguu wa paka! Cheka tu, lakini usigeuze ukurasa. Katika nyumba nyingi za kwetu inakuja siku munganga anauliza: "Tukate ao tuache?" Anauliza juu ya kidole kilichopondwa na jiwe, juu ya muguu wa baba mwenye ugonjwa wa sukari, juu ya mukono wa kijana aliyeangukiwa na udongo ndani ya shimo. Jamaa wanapaswa kujibu saa ile ile, na hawajawaza jambo hilo hata mara moja. Kwetu swali lilikuja kwa njia ya paka, na tulipata miezi mizima ya kuliwaza.

Hapa Kalemie paka si muchezo wa matajiri. Bibi yangu anauzisha ndagala. Magunia yake yanalala ndani ya nyumba, na unga wa muhogo kando yake. Kama hauna paka, panya ndio wenye nyumba. Basi paka wetu alipozaa watoto wane chini ya kitanda tulifurahi, na wawili waliombwa na majirani mbele macho yao hayajafunguka. Wa tatu alikufa. Wa nne hakuna mutu aliyemutaka. Muguu wake wa mbele, wa kushoto, ulikuwa umepinda kwa ndani, unyayo unatazama kifua. Watoto wakamwita Ndoana.

Mama mumoja muzee akaniambia waziwazi: "Pasteri, kitu kama hiki hakilale ndani ya nyumba ya mutumishi. Kitupeni ndani ya Lukuga." Alikuwa anawaza uchawi. Sikukasirika naye, lakini niliona watoto wangu wanasikiliza kwa masikio yote mawili. Leo inasemwa juu ya paka, kesho juu ya mutoto wa jirani aliyezaliwa na kilema. Katika inchi yetu watoto wameteswa juu ya maneno kama hayo, mpaka sheria ya tarehe 10 ya mwezi wa kwanza, mwaka wa 2009, ya kulinda watoto, ikaweka azabu kwa mutu anayemushitaki mutoto kuwa mulozi. Basi Ndoana alibaki.

Mwezi wa kwanza hakukuwa taabu. Aliruka na miguu mitatu kama mupira. Lakini vile alivyokuwa mzito, alianza kuegemea ule muguu uliopinda. Hakuukanyaga kwa unyayo, aliukanyaga kwa ngozi ya kando, mahali pasipo na nyayo ngumu. Simenti yetu ni ya kukwaruza, na inje kuna changarawe. Ngozi ikatoboka. Tuliosha na maji ya chumvi, tukafunga kitambaa, akakitosha na meno. Nzi wakaja. Jeraha likafunga, likafunguka tena.

Nikamubeba ndani ya kikapu kwa veterinere wa serikali, mutu aliyesomea Lubumbashi, kwa sababu kule Universite iko na fakulte ya uganga wa wanyama. Kazi yake ya kila siku ni mbuzi, ngombe na sindano za kichaa cha mbwa. Hakunicheka. Alipapasa muguu na vidole viwili kwa muda murefu, kisha akashika mukono wangu mwenyewe ili anifundishe. Chini ya kiwiko mutu ana mifupa miwili, na paka vilevile. Ndoana alizaliwa na mumoja tu. Ule mwingine, unaoshikilia upande wa ndani, haukuota tangu tumboni. Ndiyo sababu muguu ulivutwa ukapinda.

"Kama mufupa umepinda, tunaweza kujaribu kuunyoosha," akasema. "Mufupa ambao hauko, utaunyoosha namna gani?"

Kisha akanionyesha njia tatu. Ya kwanza, kuuacha muguu. Kuna paka wengi waliozaliwa hivi wanaoishi mpaka uzee na muguu wao uliopinda, na hakuna anayewagusa, kwa sababu ngozi yao inavumilia na hawana maumivu. Ya pili, kukata. Lakini hapo akanionya: hatukate nusu. Paka akibaki na kipande cha muguu atataka kukitumia, atakigonga chini, na jeraha litarudi palepale. Unakatwa wote mpaka bega. Na haukatwe kama muguu ule mwingine wa mbele uko na ubaya, maana sehemu kubwa ya uzito wa paka inalala mbele. Akamuweka Ndoana chini, akamutembeza, akapapasa miguu mingine mitatu mumoja mumoja. Ilikuwa mizima.

Njia ya tatu ni kumuua bila maumivu. Nitasema waziwazi mawazo yangu: munyama anayeteseka bila musaada wowote, kumumaliza upesi si zambi machoni pangu. Ni heri kuliko kumuacha aoze polepole huku tunasema tunamuhurumia. Lakini Ndoana alikuwa anakula, anacheza, anafukuza mijusi. Hakuwa munyama anayeomba kufa.

Veterinere hakutaka kukata siku ile. Paka alikuwa mudogo sana kwa dawa ya usingizi. "Mumuchunge mpaka miezi sita. Andikeni." Kijana wangu wa kwanza akatosha kaye ya zamani na kuandika kila siku ya posho: jeraha limefunga ao limefunguka? Anakula? Anacheza? Analamba ule muguu usiku? Mupenzi musomaji, kama una jambo la namna hii nyumbani, uandike. Kichwa kinasahau. Siku paka anacheza unasema amepona, siku analia unasema atakufa. Kaye yetu ilisema kitu kingine: katika miezi mitatu jeraha lilifunguka mara tano, na mara ya mwisho lilifika karibu na mufupa.

Sasa feza. Bei yote pamoja na dawa ilikuwa sawa na mbuzi mumoja. Muzee mumoja wa kanisa akanijia jioni na heshima yote: "Pasteri, mbuzi muzima juu ya paka? Batu batasema nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kuna wagonjwa katika kanisa letu wanaokosa bei ya kinini. Mbele sijafungua kinywa, bibi yangu akajibu kutoka jikoni: "Baba, mwaka jana panya walikula ndagala zaidi ya mbuzi wawili. Na feza ni yangu." Muzee akacheka, tukakunywa chai. Lakini swali lake nalishika hata leo, na sizani kuna mutu atakayelimaliza kwa hesabu ya panya. Nilichosema mimi ni hiki: munyama niliyemufunga katika nyumba yangu hana mutu mwingine wa kumuomba.

Aliyenisaidia kuamua ni kijana mumoja aliyekuwa muchimbaji wa coltan. Udongo ulimuangukia, muguu wake ukakatwa juu ya goti. Alikaa mbele ya nyumba yetu, fimbo zake kando, akamutazama Ndoana anavyovuta ule muguu. Akaniambia kwamba lopitali walimuomba atie sahihi, naye alikatala siku mbili. "Niliwaza namna nitakavyoonekana. Nani atanipa binti yake? Siku ya tatu nilisikia harufu. Hapo nikaacha kuuliza muguu unafanana na nini. Nikauliza unanifanyia nini. Ulikuwa unaniua." Kisha akasema neno ambalo sikulitazamia: vidole ambavyo haviko bado vinamuwasha usiku. Hakutaka nizani kukata ni jambo rahisi. Lakini paka, akasema, hatawaza juu ya harusi.

Watu wanauliza kama munyama anaweza kuishi vizuri akikosa kiungo. Huko Virunga, katika kituo cha Senkwekwe cha Rumangabo, aliishi ngagi mudogo jina lake Kaboko, aliyepoteza mukono mumoja sababu ya mutego wa wawindaji. Aliishi kule pamoja na yatima wenzake mpaka alipokufa mwaka wa 2012. Na ngagi anahitaji mikono yake kuliko paka.

Usiku ule binti yetu mudogo akaniuliza: "Papa, na mutoto wa kwa jirani, watamukata vilevile?" Mutoto yule alizaliwa na unyayo uliogeukia ndani. Nilifurahi aliuliza, na ninawajibu hapa wazazi wote: hapana! Hilo ni jambo lingine kabisa. Katika watoto elfu moja wanaozaliwa, karibu mumoja yuko nalo. Mifupa yote iko, imekaa vibaya tu. Munganga Ignacio Ponseti, mutu wa Hispania aliyefanya kazi Marekani, alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba unyayo huo unanyooshwa polepole na mikono, unafungwa na plasta, ile bandeji nyeupe inayokauka, na plasta inabadilishwa kila posho, mara tano ao sita hivi. Mara nyingi munganga anakata kidogo mushipa wa kisigino. Kisha mutoto anavaa viatu vilivyounganishwa na chuma, kwanza muchana na usiku, kisha wakati wa kulala tu, mpaka karibu miaka mine. Wengi wanashindwa hapo, kwa sababu mama anaona muguu umenyooka na anaacha viatu, na muguu unarudi. Mupeleke mutoto katika posho zake za kwanza, usingoje atembee. Jirani yetu alikwenda.

Ndoana alikatwa asubuhi moja, bila kula tangu jana yake. Dawa ya usingizi ilikuwa ketamini, ile ile wanayotumia kwa watu. Veterinere alituonya jambo moja kwa sauti kali, nami ninalirudia: musimupe paka parasetamoli hata siku moja. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Tulifunga shingo yake na kartoni ili asitoshe nyuzi. Siku mbili hakutaka kula, siku ya tatu aliiba ndagala.

Sasa ni mwaka na zaidi. Anashika panya, lakini kuruka chini kutoka juu kunamusumbua, kwa hiyo tuliweka kiti kidogo kando ya magunia. Tunachunga asinone, maana uzito ungeharibu muguu uliobaki. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyetuambia mbele. Paka ananawa uso na mukono wa mbele. Upande wa kushoto Ndoana hawezi kufika. Unaona bega linacheza peke yake, linatafuta mukono. Kila asubuhi mbele ya masomo, binti yetu analowanisha kitambaa na kumupangusa sikio la kushoto, na paka anafunga macho.